Muziki wa Waliopo

Mtu akiniuliza aanzie wapi kusikiliza muziki wa klasiki wa Ulaya, simpeleki kwenye simfonia yenye wapigaji themanini. Nampeleka kwa watu wanane. Fidla mbili, viola ambayo ni fidla kubwa kidogo, chelo, besi, kisha ala mbili za kupuliza za mbao, klarineti na basuni, na honi ya Kifaransa, ile shaba iliyojiviringa ambayo mpigaji hutia mkono ndani ya mdomo wake. Hao ndio wanaoipiga Okteti ya Franz Schubert, mtunzi wa Vienna, ya mwaka 1824, kazi ya karibu saa nzima, isiyo na mwongozaji wa kusimama mbele na fimbo. Kila mmoja yuko peke yake kwenye sehemu yake. Hakuna jirani wa kumfunika akichoka, na akipiga kitu kizuri, kizuri hicho ni chake na kila aliyemo chumbani anajua ni chake.

Mimi napiga besi. Nimelelewa na taarabu hapa Unguja, na vidole vyangu vilizijua nyimbo za harusi kabla havijajua nota. Kwa hiyo muziki huu niliuingia kwa mlango wa chini: nilikuwa natafuta ni wapi watunzi wakubwa wa Ulaya waliiandikia besi sehemu yake yenyewe katika kikundi kidogo. Si pengi. Mhimili wa muziki wa sebuleni kule ni kwarteti ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola na chelo, ala za ukoo mmoja zinazoelewana tangu zinapotoka kwa fundi. Haydn aliandika kwarteti zaidi ya 60, Beethoven 16, na ndani ya hizo zote besi haimo. Inaingia pale tu koo zinapochanganyika, nyuzi zikakaa na za kupuliza, au piano ikakaribishwa katikati. Na nilipoanza kuzifuatilia kazi hizo za mchanganyiko niliona jambo ambalo tangu hapo siwezi kuacha kulisikia: hazina kikosi kilichowekwa. Ukiuliza kwa nini ala hizi na si zile, utajibiwa kwa jina la mtu aliyekuwepo.

Kwa Okteti, jina hilo ni Ferdinand Troyer. Alikuwa msimamizi mkuu wa nyumba ya Rudolph, mwana wa ukoo wa kifalme wa Austria, yule yule aliyekuwa mwanafunzi na mfadhili wa Beethoven. Kazi yake ilikuwa utumishi wa ikulu, lakini mapenzi yake yalikuwa klarineti, na aliipiga vizuri hasa. Akamwomba Schubert amtungie kitu cha kufanana na Septeti ya Beethoven, yaani kazi yake ya ala saba. Ombi hilo lilikuwa na maana kwa kila mtu wa Vienna, kwa sababu Septeti ilikuwa imependwa tangu ilipopigwa hadharani tarehe 2 Aprili 1800, usiku uleule ambao Simfonia ya Kwanza ya Beethoven ilisikika kwa mara ya kwanza. Ilipendwa mpaka Beethoven mwenyewe ikamchosha: yeye alikuwa amekwenda mbali, watu bado wanaulizia kazi ya ujana wake.

Schubert alizichukua ala zote saba za Beethoven. Alichukua pia umbo la sehemu sita, pamoja na sehemu ya wimbo mmoja unaorudiwa kwa sura mbalimbali, na minueti, ile dansi ya taratibu. Halafu akaongeza fidla ya pili. Kwenye karatasi ni nyongeza ndogo, ila kwa sisi tunaokaa ndani ya kikundi ni mabadiliko ya nyumba nzima. Katika Septeti kuna fidla moja, nayo ni bwana. Inaruka juu ya wenzake karibu kama yuko mbele ya okestra. Ukiongeza ya pili, unapata kwarteti kamili ya nyuzi ndani ya kikundi. Sasa zipo pande mbili zinazoweza kusemezana zikiwa na uzito sawa: nyuzi nne huku, za kupuliza tatu kule, na besi chini yao wote, haina upande. Ninapoipiga sehemu hiyo nyumbani peke yangu, nikifuatisha rekodi, nahisi jinsi Schubert anavyonihamisha. Mara nimo na chelo, tunatembea pamoja. Mara basuni imekuja juu yangu na ghafla mimi ni mtu wa kupuliza.

Kuna barua ya rafiki yake, mchoraji Moritz von Schwind, inayosimulia majira yale. Schubert anaandika Okteti kwa bidii kubwa. Ukienda kumtembelea mchana anakwambia habari gani, hujambo, vizuri, anaendelea kuandika, na wewe unaondoka zako. Alimaliza tarehe 1 Machi. Alikuwa na miaka 27 na alikuwa mgonjwa, ugonjwa uliompeleka hospitali mwaka uliotangulia na ambao enzi zile haukuwa na dawa. Mwisho wa mwezi uleule wa Machi alimwandikia rafiki mwingine, Leopold Kupelwieser, kwamba anajiona ndiye mtu asiye na furaha kuliko wote duniani. Ndani ya barua hiyohiyo anataja kwamba ametunga kwarteti mbili na okteti, na kwamba kwa njia hii anajisafishia barabara kuelekea simfonia kubwa.

Nimezisoma sentensi hizo mbili zikiwa kwenye karatasi moja na sijaona haja ya kuzipatanisha. Muziki wenyewe umezibeba zote. Sehemu ya pili inaanza na klarineti ya Troyer, wimbo mrefu, mwororo, usio na haraka ya kufika popote, halafu fidla inaupokea na klarineti haiondoki. Inabaki pembeni ikimfuata mwenzake. Nikiombwa kutaja dakika kumi za muziki wa mchanganyiko zinazotosha kumshawishi mtu, ni hizo. Lakini nenda mpaka mwanzo wa sehemu ya sita. Nyuzi za chini zinaanza kutetemeka, sauti inavimba, inazama, inavimba tena, na kila aliyekuwa akitabasamu kwenye minueti ananyamaza. Baadaye linakuja gwaride la furaha, na wewe unadhani limekwisha. Karibu na mwisho ule mtetemo unarudi. Watu huiita Okteti muziki wa burudani, wa kusindikizia jioni njema, na kweli Troyer aliomba burudani. Nasema kwa moyo wote kwamba mtu anayeiita burudani tupu hajasikiliza dakika za mwisho.

Iliposikika mara ya kwanza, nyumbani kwa tajiri mmoja aitwaye Spielmann, Troyer alipiga klarineti mwenyewe, na fidla ya kwanza ilishikwa na Ignaz Schuppanzigh. Huyo Schuppanzigh ndiye aliyepiga fidla ya Septeti mwaka 1800. Ndiye pia aliyeipeleka Okteti mbele ya umma, tarehe 16 Aprili 1827, wiki tatu baada ya Beethoven kufa. Mwaka uliofuata, Novemba, Schubert naye akafa, ana miaka 31. Okteti ilichapishwa mwaka 1853, tena ikiwa imekatwa: sehemu ya nne na ya tano ziliachwa nje. Kwa miaka mingi walioinunua hawakuwa nayo yote.

Sasa niseme kuhusu besi, maana ndiyo niliyoijia.

Miaka mitano kabla ya Okteti, kiangazi cha 1819, Schubert alikuwa Steyr, mji wa Austria ya juu. Huko aliishi Sylvester Paumgartner, mtu wa migodi, mpigaji wa chelo wa kujifurahisha, ambaye nyumba yake ilikuwa kituo cha muziki cha mji. Paumgartner aliupenda wimbo wa Schubert kuhusu samaki aina ya trauti, akataka uingizwe ndani ya kazi ya ala. Na alitaka kikosi kilekile alichokijua kutoka kwenye kwinteti moja ya Hummel: piano, fidla, viola, chelo na besi. Fidla moja tu, na besi badala ya fidla ya pili. Ndivyo ilivyozaliwa Kwinteti ya Trauti.

Mtu asiyepiga muziki anaweza kudhani besi imeongezwa ili kuwe na mngurumo. Sikiliza kinachotokea. Kwa kawaida, penye piano na nyuzi, chelo ndiyo inayofungwa chini: inashika msingi, inahesabu, inasubiri. Besi ikikaa pale chini, chelo inafunguliwa kamba. Inapanda, inaimba, inaingia kwenye sauti ya mwanamume anayesimulia. Na mkono wa kushoto wa mpiga piano nao unapumzishwa kazi ya msingi, ndipo Schubert anaipandisha mikono yote miwili juu, ikipiga wimbo uleule kwa umbali wa oktavu moja, na piano inang'aa badala ya kunguruma. Mwenye chelo ndiye aliyeomba kazi hii, na kazi imemkomboa. Besi haikupewa nyimbo nyingi. Ilipewa jukumu la kuwafanya wengine wawe huru, nami kama mpigaji wa besi nalichukulia hilo kuwa heshima kubwa kuliko solo.

Kuchanganya koo za ala si jambo la rangi tu, ni jambo la mwili. Kwarteti ya nyuzi ikikaa kwenye chumba kinachopata joto, nyuzi zote hulegea na sauti zote hushuka pamoja, kwa hiyo wanaweza kupotea wote kwa upole bila kugombana. Klarineti hufanya kinyume. Hewa iliyomo ndani yake ikipata joto, sauti hupanda. Chukua basi watu wanane wa Okteti, chumba kimejaa, saa nzima: nyuzi zinakwenda chini, za kupuliza zinakwenda juu, na katikati yao hakuna piano ya kuwa shahidi. Wanalazimika kusikilizana kila dakika na kutafuta mahali pa kukutania upya. Hapa kwetu wakati wa masika, unyevu ukiingia kwenye mbao, besi yangu hubadilika tabia kabisa, na mwenye nai, ile filimbi ya mwanzi, ananiangalia kwa jicho ninalolijua. Basi nikiwaona kwenye video watu wa Ulaya wakisita kati ya sehemu ya tatu na ya nne, wakipeana noti ya A kwa sauti ndogo, najua wanachozungumza.

Halafu kuna pumzi. Mtu wa nyuzi anaweza kuanza sauti bila mtu kujua ni lini hasa ameanza. Upinde una hiana hiyo. Mtu wa kupuliza lazima avute hewa, na akiivuta wote wanamwona na wanamsikia. Katika kikundi cha mchanganyiko, pumzi ya klarineti au basuni ndiyo fimbo ya mwongozaji. Wapigaji wazuri wa nyuzi wanaokaa na wa kupuliza hujifunza kuvuta pumzi pamoja nao, ijapokuwa wao hawaihitaji kutoa sauti. Ukitazama bega la mpiga fidla kabla ya kuingia utaliona likipanda.

Na honi. Honi ya wakati wa Beethoven na Schubert haikuwa na valvu, yaani vitufe vya kubadili njia ya hewa. Ilikuwa bomba tu. Mpigaji alibadilisha vipande vya bomba kulingana na ufunguo wa wimbo, na zile noti ambazo bomba lenyewe halizitoi alizipata kwa kusogeza mkono ndani ya mdomo wa honi, kuziba kidogo, kuziba zaidi. Noti za wazi zilitoka kwa mwanga, za kuzibwa zilitoka zimefifia kama mtu anayeongea nyuma ya pazia. Valvu zilikuwa zimekwishapata hataza Berlin mwaka 1818, lakini Okteti imeandikwa kwa mkono ule wa zamani. Ndiyo maana honi ndani yake haiongei sana. Inangoja, kisha inasema maneno machache ya mbali, na kwa kuwa ni machache yanakaa kichwani. Rekodi za leo nyingi hutumia honi ya valvu, sauti moja iliyo laini toka chini mpaka juu. Ni nzuri. Lakini tafuta, ukiweza, moja iliyopigwa kwa honi isiyo na valvu, utasikia mtunzi alikuwa akichora kwa wino wa aina mbili.

Mnaona klarineti imetajwa kila ninapogeuka. Ina sababu yake. Klarineti inaweza kuanza kutoka kwenye ukimya kamili na kukua bila mshono. Na umbo la bomba lake, lililonyooka na kuzibwa upande wa mdomo, linaifanya iruke noti kumi na mbili, si nane kama filimbi, pale mpigaji anapohamia ngazi ya juu. Kwa hiyo chini imebakiwa na eneo pana lenye giza, tofauti kabisa na juu. Ni kama watu wawili ndani ya kijiti kimoja. Inakaa na nyuzi bila kuzikwaruza na inakaa na shaba bila kumezwa. Mozart aliligundua hilo kupitia mpiga klarineti mmoja, Anton Stadler. Mwaka 1786 aliandika trio ya klarineti, viola na piano, ikapigwa na Stadler, Mozart mwenyewe kwenye viola, na mwanafunzi wake Franziska von Jacquin kwenye piano. Kikosi hicho hakikuwepo kabla yao. Kilikuwepo kwa sababu watatu hao walikuwa marafiki. Mwaka 1789 akamwandikia Stadler kwinteti pamoja na kwarteti ya nyuzi.

Miaka mia moja baadaye jambo lilelile likajirudia kwa Johannes Brahms, na hapa nataka kukaa kidogo.

Brahms alikuwa ameamua kupumzika. Mwaka 1890 alipompelekea mchapishaji wake kwinteti ya nyuzi, alikuwa akizungumza kama mtu anayefunga duka. Machi 1891 akaenda Meiningen, akamsikia Richard Mühlfeld wa okestra ya ikulu ya pale. Mühlfeld aliajiriwa kwenye okestra ile kama mpiga fidla. Klarineti alijifunza mwenyewe. Brahms akakaa akamsikiliza. Kiangazi hichohicho, akiwa Bad Ischl, akatunga trio ya klarineti, chelo na piano, na kwinteti ya klarineti pamoja na nyuzi nne. Tarehe 24 Novemba 1891 zilipigwa Meiningen, na Desemba zikapigwa Berlin. Miaka mitatu baadaye akamwongezea sonata mbili. Kazi nne za uzeeni, zote kwa sababu ya mtu mmoja na mdomo wake.

Kwinteti ile huniacha kila mara nikiwa nimekaa tu. Klarineti haiingii kama mgeni wa heshima. Nyuzi zinaanza, nayo inapanda kutoka katikati yao, huwezi kusema ilikuwa kimya mpaka sasa hivi. Katikati ya sehemu ya pili nyuzi zinatetemeka na klarineti inapanda na kushuka kwa mapambo ya Waroma (Majipsi) wa Hungary, kama anayeimba bila kipimo, na msikilizaji wa taarabu ataelewa mara moja kinachofanyika pale. Ni taksimu, ala moja ikisema ya moyoni huku wenzake wakiishikilia noti. Mwishoni kabisa wimbo wa mwanzo unarudi, umechoka. Besi haimo, na siisikii imekosekana.

Kazi ambayo inathibitisha hoja yangu kwa uchungu ni ya Olivier Messiaen. Mfaransa huyo alitekwa na Wajerumani mwaka 1940. Kabla hawajafika kambini, walipokuwa wakishikiliwa uwanjani karibu na Nancy, alikuwa na mpiga chelo Étienne Pasquier na mpiga klarineti Henri Akoka, Myahudi mzaliwa wa Algeria, ambaye klarineti yake alikuwa nayo. Messiaen akamwandikia kipande cha klarineti peke yake. Baadaye, kwenye kambi ya Stalag VIII-A huko Görlitz, wakamkuta mpiga fidla Jean Le Boulaire. Ndipo akaandika kipande kifupi cha fidla, klarineti na chelo, kwa sababu ndio waliokuwepo. Piano ilipopatikana, mbovu, akaongeza sehemu nyingine. Mjerumani mmoja wa kambini, Karl-Albert Brüll, aliwasaidia kwa karatasi na penseli. Tarehe 15 Januari 1941, kwenye baridi kali, ndani ya banda la kambi, walipiga sehemu nane za Kwarteti ya Mwisho wa Nyakati mbele ya wafungwa na walinzi.

Messiaen alisimulia baadaye kwamba wasikilizaji walikuwa elfu tano na chelo ilikuwa na nyuzi tatu. Pasquier, aliyeipiga hiyo chelo, alisema ilikuwa na nyuzi nne, na banda lile haliwezi kubeba zaidi ya watu mia kadhaa. Mimi namwamini mwenye chelo. Ukubwa wa kazi ile hauhitaji kuongezewa kitu. Zingatia jinsi ilivyogawanywa: wote wanne hawapigi pamoja muda wote. Sehemu ya tatu ni klarineti peke yake. Ya tano ni chelo na piano. Ya nane ni fidla na piano. Na katika ya sita, wanne wote wanapiga noti zilezile kwa pamoja, bila sauti ya pili, bila msingi, dakika kadhaa za ukali mtupu. Kila mfungwa amepewa nafasi ya kusikika peke yake na nafasi ya kuwa mmoja na wenzake. Akoka, mwaka huohuo, alitoroka kwa kuruka kutoka kwenye treni, klarineti yake akiwa nayo.

Kuna wengine ningewapa nafasi zaidi kama ningekuwa nayo. Stravinsky, Uswisi, 1918, vita vimemkatia mapato: anaandika hadithi ya askari na shetani kwa ala saba tu, klarineti na basuni, korneti na tromboni, fidla na besi, pamoja na ngoma, yaani kila ukoo umetoa mmoja wa juu na mmoja wa chini. Besi yumo, na anafanya kazi hasa. Aliyelipia ni Werner Reinhart, tajiri aliyekuwa akipiga klarineti. Tena klarineti! Mwaka uliofuata Stravinsky akaigeuza kuwa trio ya fidla, klarineti na piano ili kumshukuru. Schönberg naye, Berlin, 1912, alichukua msomaji wa mashairi pamoja na wapigaji watano wanaobadilishana ala nane, na kikosi kile kikawapendeza watunzi wa baadaye mpaka kikawa ndicho desturi. Sina ugomvi na desturi, ila navutiwa zaidi na zile kazi ambazo kikosi chake kilizaliwa na kazi yenyewe.

Bei ya uhuru huo ni kwamba kazi hizi ni vigumu kuziendesha. Kwarteti ni watu wanne wenye mamia ya kazi za kupiga maisha yao yote. Okteti ni watu wanane, na ukishapiga ya Schubert, jioni ya pili utapiga nini? Wapo waliojitolea. Wapigaji wa Berlin Philharmonic waliunda okteti yao mwaka 1928 kwa ajili ya kazi hii ya Schubert, na mwaka 1958 Paul Hindemith akawaandikia okteti mpya, akakaa mwenyewe kwenye viola walipoipiga mara ya kwanza. Vienna ndugu wawili, Willi Boskovsky wa fidla na Alfred wa klarineti, waliunda yao baada ya Vita vya Pili, na rekodi zao ndizo nilizoanza nazo. London kulikuwa na Melos Ensemble tangu 1950, kisha Nash Ensemble tangu 1964. Ukitafuta mtandaoni kwa majina hayo utakuwa na kazi ya kusikiliza kwa muda mrefu.

Kwa upande wetu, nota za Okteti ni mali ya umma, nimezichapa zote. Basuni na honi za kutosha kuipiga nzima hapa mjini sijazipata, na sitaki kuigeuza. Nimeamua kumfuata Paumgartner na Troyer. Ninao wenzangu watatu walio tayari kukaa pamoja jioni: mzee wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, dada mmoja wa chelo, na kijana anayepiga klarineti kwenye brasi bendi. Pamoja na besi yangu tuko wanne, na kikosi hicho hakimo kwenye orodha yoyote niliyoisoma. Hivyo naandika hapa kumwomba mtunzi, popote alipo, atuandikie.

Ili asibahatishe, haya ndiyo tuliyonayo. Kanuni ni ya nyuzi 78, tatutatu kwa kila noti, na vile vijiti vya kando vinapandisha na kushusha sauti mpaka robo ya toni, kwa hiyo Bayati na Rasti, zile ngazi za sauti za taarabu, zinawezekana bila kubabaisha. Chelo na besi zinaifuata popote robo hizo zinakokwenda, kwa kuwa shingo zetu hazina vizuizi. Klarineti ni ya B bapa ya kawaida. Kijana anazipata robo kwa mdomo na kwa vidole kwenye noti za katikati, ila chini kabisa hawezi, naye asilazimishwe. Kanuni haiwezi kushikilia sauti ndefu, inakatika, basi ndefu zote tupewe sisi wa upinde na yeye wa pumzi. Uzi wangu wa chini ni E, na mtunzi anaruhusiwa kuutumia. Mzee wa kanuni hasomi nota, husikia mara moja akashika. Sehemu yake irekodiwe kwa sauti.

Dakika kumi zinatosha kuanzia. Malipo tutachangishana.